Kasia la Stanley, Bei Maelewano

Ukitaka kununua historia kisiwani Bumbire, usihangaike kuitafuta. Tamka tu pale mwaloni kwamba unakusanya vitu vya vita vya zamani, kisha agiza chai kwa mama ntilie. Kabla hujaimaliza, historia itakuwa imekufuata kwenye benchi, imefungwa kwenye kiroba, na mwenye nayo anaomba nauli ya bodaboda juu.

Mimi ni mgonjwa wa vitu hivyo: maganda ya risasi, vifungo vya sare, vibuyu vya askari. Mkoa wetu wa Kagera umejaliwa. Juni 1915 Waingereza walivuka Ziwa Victoria kutoka Kisumu, wakaiteka Bukoba na kuubomoa mnara wa redio wa Wajerumani. Mwaka 1978 likaja jeshi la Idi Amin wa Uganda. Ila Bumbire ina kesi yake binafsi, tena na mtu maarufu. Aprili 1875 mpelelezi Henry Morton Stanley alitia nanga hapa na mashua yake, Lady Alice, akitafuta chakula. Wenyeji wakaiburuta mashua nchi kavu na kumnyang'anya makasia. Akaponea chupuchupu, watu wake wakipiga maji kwa mbao walizong'oa ndani ya mashua. Agosti akarudi na kundi la mitumbwi na bunduki, akawamiminia risasi watu waliojipanga ufukweni wakiwa na mikuki na mishale. Makumi walikufa, na hata kwao Uingereza habari ile ilimletea lawama.

Kwa hiyo ninachokitafuta Bumbire ni risasi ya Snider, bunduki waliyokuwa nayo baadhi ya watu wake. Haifichiki kwa anayeijua: donge nene la risasi laini, kipenyo kama milimita 15, lina mifuo mwilini na tundu kitakoni. Mfukoni natembea na sumaku. Ikinasa, hiyo si risasi ya Snider, ni nati.

Siku niliyotamka hayo mwaloni, sumaku ilifanya kazi ya punda. Zililetwa nati, gololi za mashine ya kusaga na kipande cha bomba. Kijana mmoja akaleta ganda la shaba lililogongwa mwaka 1956 kitakoni, akaapa ni la Stanley. Nikamwonyesha mwaka. Akautazama, akanitazama, akasema kwa upole wa mtu anayemfundisha mgeni: "Mwalimu, si alirudi?"

Ni kweli alirudi, lakini mwaka 1904 alikuwa ameshazikwa.

Halafu ikaja kofia ya chuma "ya Mjerumani, ya 1915". Wajerumani walianza kugawa kofia za chuma mwaka 1916, na hiyo ilikuwa na matundu ya misumari pale masikio ya sufuria yalipong'olewa. Mwingine akafunua gwanda la jeshi la mabakabaka. Hapo nilimwomba alifunike haraka, maana raia kukutwa na sare za jeshi si ucheshi tena.

Kilele kilikuwa kasia. Mwenye nalo alilileta begani, taratibu, kama anayebeba jeneza la chifu. Alidai ni mojawapo ya yale yaliyonyang'anywa, na limekaa darini kwa babu yake tangu siku hiyo. Bei maelewano. Nikaligeuza. Upande wa pili kulikuwa na nusu ya namba ya usajili wa mtumbwi, rangi bado nyeupe pe. Nilimuuliza kama Stanley naye alikuwa amesajiliwa wilayani kwetu Muleba. Hakutetereka. Akapunguza bei.

Nilipokuwa nafunga begi, nikamwona mzee mmoja akitengeneza mshipi wake kando ya maji. Nikamwamkia, "Shikamoo, Tata." Kwenye mshipi, juu kidogo ya ndoana, palining'inia donge la kijivu lenye mifuo. Sumaku haikulitaka. Kitakoni lilikuwa na tundu. Nikajikaza nisionyeshe furaha, nikauliza bei. Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Nikuuzie, halafu usiku huu nizamishie nini mshipi?"

Nilirudi bara na ganda la 1956 tu. Nalo halikunusurika. Askari aliyekagua mizigo alilishika kwa vidole viwili, akauliza la nani. Nikaanza kumweleza: 1875, Stanley, Snider. Alinisikiliza kwa makini, akatoa daftari.

"Huyo Stanley ana simu? Mpigie aje."

Ganda likabaki kwake, na nadhani alifanya la busara. Utani wa vyuma hivi una mwisho. Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, humu humu Kagera, bomu lililookotwa kama chuma chakavu liliua wanafunzi. Kwa hiyo mwenye kifungo cha Mjerumani au kibuyu cha askari wa 1915, karibu tuzungumze bei, hata kasia nitalitazama tena. Ila ukikuta chuma kinachofanana na chungwa lenye pini, au kilichochongoka mbele na chenye mabawa nyuma, usikiguse, usikipime kwa muuza skrepa, na tafadhali usiniletee mimi. Waweke watoto mbali, uite polisi.