Uwatu wa Elfu Sabini

Tangu nivuke hamsini, sijui nani aliwatangazia watu kwamba mwili wangu sasa ni mali ya umma. Wifi yangu hanisalimii kabla hajalitazama tumbo. Shoga zangu wa kikoba, ambao zamani tulikuwa tukigombania marejesho, siku hizi tunagombania mlonge: wa unga au wa mbegu, wa asubuhi au wa usiku. Hata binti wa saluni, ambaye ningeweza kumzaa, ananiinamisha kichwa kwenye beseni, maji yananiingia masikioni, halafu ananiambia, "Mama, homoni zako zimevurugika. Nina dawa."

Hiyo dawa ni kopo jeupe la plastiki lenye kifuniko cha kijani na picha ya mwanamke anayecheka peke yake. Chini ya picha kuna orodha ya linachotibu: sukari, presha, lehemu, kitambi, ganzi, kukosa usingizi, hasira za bila sababu. Nilisoma mpaka chini nikitarajia kukuta na wezi wa kuku. Bei elfu sabini. Ukichukua matatu unapunguziwa, na ukileta wanawake wenzako unaitwa kiongozi. Mimi ni mgonjwa mtarajiwa, tayari nimeshapewa cheo.

Nikavaa miwani, nikasoma yaliyomo. Uwatu, mdalasini, manjano, tangawizi. Jamani, hilo si kabati langu la jikoni? Uwatu niliopikiwa na marehemu mama nilipojifungua ili maziwa yashuke, leo umesagwa, umetiwa kwenye vidonge na kurudi kuniuzia uzee. Kariakoo ningeununua kwa hela ndogo, na mpimaji angeniongezea kikonzi juu.

Sibishi kwamba mwili umebadilika. Hedhi ikikoma, estrojeni hushuka, na mafuta yaliyokuwa yamejikalia nyongani yanahamia tumboni. Insulini nayo inaanza kufanya kazi kwa kusuasua, lehemu mbaya inapanda, na kanga iliyokuwa ikinizunguka ikabaki ncha ya kufungia hela sasa inakutana kwa taabu. Hayo nayakubali. Nisichokubali ni mume wangu. Ana kitambi kinachofika sebuleni kabla yake, na tangu nimjue hakuna aliyewahi kumpelekea hata punje ya mlonge. Chake kinaitwa heshima. Changu kinaitwa homoni.

Wala sina ugomvi na uwatu. Una nyuzinyuzi zinazolainika tumboni zikawa ute, na ute huo unaichelewesha sukari ya chakula isiingie kwenye damu kwa pupa. Lakini kinachoweza kushusha sukari kinaweza kuishusha kupita kiasi, hasa kwa mama ambaye tayari anameza glibenklamidi ya hospitali. Akianza kutetemeka na kutokwa jasho saa nane za usiku, muuzaji wa kopo amelala kwao na simu ameizima.

Nilimuuliza muuzaji mmoja: kabla sijaanza utanipima sukari? "Utajisikia mwepesi tu, mama yangu." Na lehemu je? "Utajisikia mwepesi." Kumbe ndani ya chai yake ya kupunguza mwili kuna sanamaki, ile ile tuliyokuwa tukinyweshwa utotoni tumbo likifunga. Wepesi ndio huo! Unakesha chooni, asubuhi mzani umeshuka kwa maji yaliyokutoka, mafuta yako yote yapo pale pale.

Mdalasini nao una mambo yake. Ule laini wa Unguja unaovunjika vidoleni ni mmoja, na lile gome gumu la kasia ni jingine. Kasia ina kumarini nyingi, na ukiila kwa vijiko kila siku inaweza kuliumiza ini. Kwenye pilau haina neno. Ila hakuna mtu anayekula pilau kwa ratiba ya kutwa mara tatu.

Hoja inayonichosha kuliko zote ni ile ya "hii ni ya asili, haina kemikali." Basi niwasimulie. Kuna mmea wa Ulaya unaitwa galega. Watu waliutumia zamani kwa dalili za sukari, lakini kondoo wakiula mwingi unawaua. Wanasayansi wakafuatilia kilichomo, wakatengeneza ndugu zake maabara, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akachapisha matokeo ya mmoja wao kwa wagonjwa wa kisukari. Ndiyo metfomini, kile kidonge kikubwa cheupe ambacho shoga zangu wanakificha chini ya godoro kwa kuwa eti si cha asili. Asili yenyewe iliua kondoo. Waliotuokoa ni waliokaa wakapima dozi.

Hata Babu wa Loliondo nitamtetea. Mwaka 2011 watu walipanga foleni ya magari mpaka kijijini kwake Samunge kufuata kikombe chake cha dawa ya mti wa mugariga, na kama kilitibu au hakikutibu, yalishasemwa mengi. Lakini Babu alitoza shilingi 500 kwa kikombe kimoja, basi. Hakukuambia urudi mwezi ujao na wanawake wenzako watatu.

Sasa njooni kwenye benchi la kliniki ya sukari. Pale nje ni chuo kikuu. Mmoja anameza kitunguu saumu kizima kizima alfajiri, mwingine anakunywa mdalasini na asali (asali, na ana sukari!), wa tatu ametoa mkobani chupa ya soda yenye kitu cheusi ambacho hata mwenyewe hakijui jina. Tunapeana vipimo, tunaandikiana namba za simu. Kisha tunaitwa ndani. "Mama, kuna dawa nyingine yoyote unatumia?" "Hakuna, mwanangu." Mlango haufungi vizuri, tunasikia wote. Hakuna. Hakuna. Hakuna. Daktari anaona sukari imeyumba, anabadilisha vidonge, hajui kwamba anashindana na chupa ya soda.

Nesi naye ana lake. Mama akithubutu kusema, anapigiwa kelele mpaka benchi zima linajifunza kunyamaza. Mwanangu, ukitugombeza tutakuficha. Uliza taratibu, andika, halafu ndipo utukataze.

Na ninyi kina mama wenzangu: anayewauzia kopo mdaini namba ya usajili ya Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, muone atakavyokumbuka ghafla kwamba ana safari. Vinginevyo nunueni uwatu wenu sokoni. Na mkiitwa ndani semeni vyote mnavyokunywa, pamoja na ile chupa nyeusi.