Kwa Mamlaka Husika: Barua ya Wazi juu ya Ekzosi za Morogoro

Kwa Mheshimiwa Mamlaka Husika,
Popote Ulipo,
Morogoro.

YAH: MAOMBI YA RATIBA YA KELELE

Baada ya salamu na taadhima zinazostahili cheo chako, ambacho ukubwa wake twaukisia kwa wingi wa watu wanaotuelekeza kwako, naomba ruhusa nikuandikie hadharani, si kwa ujuba wala kwa nia ya kukufedhehesha, bali kwa kuwa njia nyingine zote za kukufikia zimekwisha kujaribiwa na hakuna iliyofika. Ofisi ya kwanza niliyoiendea kwa ajili ya pikipiki zinazonguruma chini ya dirisha langu usiku ilinieleza kwa upole kwamba pikipiki ni jambo la barabarani, ila sauti ni jambo la mazingira. Ya pili ikakiri kuwa sauti ni ya mazingira kweli, lakini mtaa una mwenyewe. Na mwenye mtaa, baada ya kunipa kiti na kunisikiliza hata mwisho, akasema kwamba suala hilo lina mamlaka husika. Basi nimeona niandike kwako moja kwa moja, maana jina lako latajwa kila siku redioni na katika mikutano, na sijapata kumsikia kiongozi yeyote akisema kwamba hupo.

Siandiki ili kukufundisha sheria, kwani wewe ndiwe mhifadhi wake. Ipo Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, ambayo kwa umri ni mzee wa karibu kila kijana anayeendesha bodaboda mjini hapa. Ipo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Na zipo Kanuni za mwaka 2015 za kudhibiti uchafuzi wa kelele na mitetemo, zilizopambanua mchana na usiku, na kuzitenga hospitali na nyumba za kulala watu mbali na viwanda, kila mahali kwa kipimo chake cha desibeli. Ni kanuni nzuri mno. Nilizisoma usiku, kwa kuwa usingizi haukuwapo.

Ili ushahidi wangu usiwe wa masikio peke yake, nilikwenda kukaa juu ya tairi chakavu katika gereji moja ya chini ya mwarobaini, upande wa Msamvu, nikamtazama fundi akiipasua TVS ya kijana mmoja. Alifungua nati mbili shingoni, bomba linapoungana na kichwa cha inji, kisha bolti ya nyuma karibu na anapokanyaga abiria, akaichomoa ekzosi na kuikung'uta masizi. Akaikata mkia kwa grinda, akaingiza koleo, akavuta matumbo yake nje: kibomba chembamba chenye vitundu vingi, na visahani vya bati vilivyoshika kutu. Akavitupa juu ya lundo la matumbo mengine ya namna ile ile, ambalo kwa kimo chake laonyesha kuwa biashara ni njema. Halafu akachomelea mkia tupu, akarudisha nati zake, gasketi ileile kuukuu, kabureta hakuigusa, akapiga kiki. Kuku wa jirani wakahama wote. Kijana akatabasamu kwa furaha ambayo, nakiri, sijaiona usoni mwa mtu aliyetoka kulipia huduma yoyote ya serikali.

Mwenziwe mwenye uwezo zaidi hakutaka ya kupasua. Alileta mpya ya dukani, fupi, ya kung'aa, iliyobandikwa jina la Akrapovič, kampuni ya Slovenia inayoziundia mabomba pikipiki za mashindano makubwa ya dunia. Jina lilikuwa la karatasi, na kabla pikipiki haijatoka gereji lilikuwa limekwisha kujikunja kwa joto.

Sasa, Mheshimiwa, yale matumbo yaliyotupwa yana kazi yake. Inji ya mipigo minne yenye pistoni moja, izungukapo mara 6,000 kwa dakika, huchoma mafuta mara 50 katika kila sekunde, na kila valvu ya moshi ifungukapo, hewa ya moto hutoka ingali na shinikizo kubwa, na kule kufumuka kwake ndiko mshindo wenyewe. Bomba la kiwandani limegawanywa vyumba, na mshindo hupitishwa chumba hata chumba, ukigonga kuta na kurudi, ukakutana na ule unaoufuata, hata mawimbi yakauana yenyewe kwa yenyewe, na sauti ikatokea mwishoni mithili ya mgomvi aliyezungushwa nyumba nzima mpaka hasira zimemwisha. Mtu anayetajika sana katika ilimu hii ni Hiram Percy Maxim wa Marekani, aliyeunda kizima sauti cha bunduki mwanzoni mwa karne ya ishirini, kisha maarifa yale yale akayahamishia kwenye mabomba ya inji. Naye alikuwa mwana wa Hiram Stevens Maxim, ambaye mwaka 1884 alibuni bombomu. Nazo bombomu ndizo zilizowapokea wapiganaji wa Maji Maji walipoliendea boma la Mahenge, katika mkoa wetu huu huu, tarehe 30 Agosti 1905. Baba aliuletea ulimwengu kishindo, mwana akatafuta dawa ya kishindo, na kitukuu cha waliopigwa, ikiwa nimehesabu vizazi sawasawa, kiko Msamvu kinamlipa fundi ili dawa hiyo itolewe.

Utauliza faida yake. Inji ya CC 125, ambayo nguvu zake hazifiki farasi kumi na mbili, haizidishi kitu cha kutajika kwa kuondolewa vyumba vya bomba. Kinachobadilika ni mchanganyiko wa hewa na petroli, ambao aghalabu huelemea upande wa hewa, na maadamu jeti ya kabureta ni ileile ya kiwandani, inji huzidi kuchemka, valvu huungua kabla ya ajali yake, na petroli iliyokosa kuungua ndani huja kuungulia bombani kwa mlipuko. Kijana akitaka mlipuko zaidi huzima swichi pikipiki ikiwa mwendoni, akangoja kidogo, akawasha, na mtaa mzima ukadhani kuna uvamizi. Mwendo ni uleule. Kilichoongezeka ni habari za mwendo.

Wenyewe wanayo hoja, na insafu yataka nikufikishie. Husema kwamba madereva wa magari hawatazami vioo, na kwamba mlio ndio unaowaokoa wasigongwe. Ningaliikubali hoja hii kwa moyo mkunjufu laiti bomba lingalielekea mbele. Lakini mdomo wake watazama nyuma, hata anayenufaika zaidi na onyo hilo ni yule ambaye pikipiki imekwisha kumpita. Tena nenda, Mheshimiwa, ukasimame kwenye barabara inayotoka Bigwa kupitia Kiroka na Mkuyuni kuelekea Matombo, au ile inayopanda kutoka Sangasanga kwenda Langali na Nyandira huko Mgeta, ambako Milima ya Uluguru imezipinda barabara hata mtu hamwoni ajaye ila amekwisha kufika. Huko ndiko kelele ingalikuwa na manufaa. Na huko ndiko utakapomwona kijana akiteremka na mikungu ya ndizi ya Kinole iliyompita kichwa, au viroba vya kabichi vilivyomfunika taa za nyuma, amezima inji kabisa, anashuka kwa frii ili asichome petroli, kimya, asisikike hata mlio wa mnyororo. Kwenye kona ya ukungu hasikiki. Kwenye lami iliyonyooka, chini ya taa za barabarani, saa saba ya usiku, asikika mpaka Ruvuma ya mlimani, huko juu kwa Waluguru, maana mlima huu hauna hiari, kila ulichopigiwa huurudishia mji.

Wala sikusudii kumbebesha lawama zote kijana, kwani hali yake naijua. Pikipiki si yake. Ni ya tajiri, ambaye kila jioni hudai hesabu, mvua inyeshe isinyeshe. Au ni ya mkataba, nayo itakuwa yake siku deni litakapokwisha, yaani siku ambayo pistoni nayo aghalabu huwa imekwisha. Rangi ya kofia ameamriwa, kijiwe amepangiwa, kizibao ameuziwa, na nauli huamuliwa na abiria anayekwisha kushuka. Katika chombo kizima jambo aliloachiwa achague mwenyewe ni mlio wake, na tajiri hajui mpaka siku ya kubadili valvu.

Isitoshe, mji huu haukuanza leo kupenda sauti. Hapa ndipo palipokuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah hata kifo chake mwaka 1965, na hapa ndipo alipong'aa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, na watu walisafiri kutoka miji mingine ili waje kusikiliza. Tofauti ni kwamba zama zile aliyetaka sauti alikata tiketi mlangoni, na aliyetaka kulala akalala.

Nije sasa kwenye jambo ambalo kwa kweli ndilo lililonitia kalamu mkononi. Anapokuja mgeni mkubwa Morogoro, bodaboda huitwa mapema. Hupewa petroli ya lita kadhaa, hupewa na fulana, hupangwa Msamvu kwa mistari, na mtu mwenye orodha hupita akiwachagua wenye milio mikali wakae mbele, ili mapokezi yafane. Sitaji chama wala cheo, kwa kuwa uungwana huo nimeuona kwa wa kila rangi. Msafara huingia mjini kwa ngurumo na milipuko, hupita mbele ya hospitali, hupita mbele ya shule yenye mitihani, hulizunguka Soko Kuu la Chifu Kingalu, na wakubwa juu ya magari hupunga mikono. Nami nimewaona kwa macho yangu watu wenye sare za kazi wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Hiyo ni Jumamosi. Jumatatu huanza operesheni, na pikipiki zilezile, nyingine zingali na bendera ndogo kwenye kioo, hupakiwa juu ya lori kwa kosa la kupigisha kelele, na vijana husimama nje ya uzio, fulana mpya zingali miilini, wakichanga fedha za kuzikomboa.

Hapa ndipo tashwishi yangu ilipo, Mheshimiwa. Ekzosi ni moja, fundi ni mmoja, na lundo la matumbo chini ya mwarobaini halina matumbo ya hamasa upande huu na ya jinai upande ule. Dukani ekzosi hizo huuzwa mchana kweupe, zimening'inizwa mlangoni, zimelipiwa ushuru bandarini na kodi sokoni. Hatua yake ya kwanza kuwa haramu ni pale zinapofungwa kwenye pikipiki ya mtu maskini, tena siku isiyo na mgeni.

Kwa hiyo sikuombi uzuie kelele, jambo ambalo lingaliwafadhaisha waandaaji wa misafara. Naomba ratiba. Naomba kila mwanzo wa mwezi ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila mtaa karatasi yenye mhuri, ikionyesha siku ambazo ekzosi tupu ni uzalendo na siku ambazo ni kosa, ili vijana wajue lini wajitokeze na lini wajifiche, wagonjwa wajue lini waugue, na sisi wazee wa Kilakala tujue lini twende kulala kwa ndugu zetu Dakawa. Naomba pia ada ndogo itozwe kwa kila mlipuko wa siku ya mapokezi, ilipwe na yule aliyealika, si aliyealikwa; na iwapo kipimo cha desibeli kinachotajwa katika Kanuni kipo stoo, kiazimwe walau kwa msafara mmoja, kisomwe hadharani jukwaani, baada ya nyimbo na kabla ya hotuba.

Na ufanye hima, kwani wakati unabadilika. Kigali, tangu Januari 2025, pikipiki mpya za kubeba abiria husajiliwa zikiwa za umeme tu, na za umeme hazina bomba wala cha kutolewa matumbo. Nilimsimulia fundi wangu habari hizo nikidhani nitamtia huzuni. Alifikiri kidogo, akafuta mikono kwa kitambaa, akasema kwamba spika ya kufunga chini ya kiti si ghali, na mlio wa Boxer aliyoitoboa vizuri anao tayari kwenye simu.

Nabaki wako mtiifu,

Mkazi wa Kilakala, upande wa barabarani.

Nakala:
Waandaaji wa misafara, kwa utekelezaji.
Wenye maduka ya spea, kwa taarifa.
Mwenyekiti wa kijiwe, ambaye amekwisha kuisoma na kuiunga mkono yote, ila anauliza petroli ya Jumamosi iliyopita italetwa lini.