Sifa za Baiskeli Isiyopandwa

Mnazi umeimbiwa, jahazi limeimbiwa, kahawa chungu na tambuu vimepata mashairi yao, na hata paka ana watu wa kumsifu. Lakini baiskeli iliyosheheni magunia ya mihogo, fimbo imefungwa kwenye usukani, mwenyewe akiisukuma kwa miguu kuelekea soko la mji wa Nyunzu, Kongo, haijatungiwa hata ubeti mmoja. Wenye magari huipigia honi. Wageni huipiga picha, wakirudi kwao huitumia picha hiyo kueleza umaskini wa Kongo. Vijana wanaoota pikipiki huicheka, ingawa mboga waliyolia bukari, yaani ugali, jana ililetwa nayo. Dhuluma hii imetosha. Mimi nasema kwamba katika vyombo vyote vilivyowahi kufika Nyunzu, hiki ndicho pekee kilichokubali kuishi na mahali pale kama palivyo, na kwamba yale yanayochekwa kwake, yaani upole wake, unyonge wake na tabia yake ya kumtembeza mwenyewe kwa miguu, ndiyo hasa yanayoifanya kazi iende.

Tuanze na jina. Katika Katanga ya zamani, ambayo mwaka 2015 iligawanywa na sehemu yake moja, ilipo Nyunzu, ikawa mkoa wa Tanganyika, baiskeli huitwa kinga. Mtu wa Tanga au Lamu akilisikia neno hilo atawaza ngao, au chanjo ya watoto. Aliyelelewa kwa methali atakumbuka kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo, ambapo kinga ni kijinga cha moto. Sidai kwamba neno la Katanga limetoka huko. Lina njia yake. Lakini lugha nayo ina bahati zake. Chombo kinachoikinga nyumba na njaa, tena ambacho kilimani hakiendi mpaka mwenzake asukume kwa nyuma, kingeitwaje tena?

Wala Nyunzu haikunyimwa vyombo vya fahari. Reli ya kutoka Kabalo, penye mto Lualaba, hadi Kalemie, penye Ziwa Tanganyika, ina urefu wa kilomita 273, na Nyunzu ipo karibu katikati yake, katika bonde la mto Lukuga unaotoa maji ya ziwa na kuyapeleka Lualaba. Ilijengwa na kampuni ya Wabelgiji iliyojulikana kwa herufi CFL, ikafika ziwani mwaka 1915. Hata kabla ya mwaka huo kwisha ilipata mzigo wa ajabu kuliko yote: boti mbili za vita za Waingereza, Mimi na Toutou, zilizotoka Uingereza kwa meli hadi Cape Town, zikaburutwa juu ya milima ya Mitumba kwa injini za mvuke na ng'ombe, zikateremka Lualaba hadi Kabalo, kisha zikapakiwa kwenye gari moshi kwenda kupigana na Wajerumani ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka meli yao, Kingani. Kwa hiyo reli hii imepitisha manowari. Kilichoishinda ni fungu la mboga ya lengalenga. Sababu yake si siri: reli ile ilijengwa kwa ajili ya mtu anayeusubiri mzigo mwisho wa safari, haikujengwa kwa ajili ya mwenye mzigo katikati. Pamba ambayo amri ya mkoloni ya 1917 ilifungua njia ya kuwalazimisha wanakijiji wailime ilikuwa na uwezo wa kukaa stesheni ikingoja behewa. Pamba hainyauki.

Lengalenga haingoji namna hiyo. Mboga hii, ambayo Dar es Salaam huitwa mchicha, huvunwa wiki 3 hadi 4 tu baada ya mbegu kusiwa, na ukiikata ukaacha shina, huchipua tena. Ni mboga ya mwenye haraka na asiye na mtaji. Anachohitaji ni kipande cha ardhi nyuma ya jiko, au tuta kando ya maji wakati wa kiangazi, na mtu wa kumwagilia asubuhi na jioni. Karibu na tuta hilo utakuta matembele, bamia, nyanya, na mhogo ambao mzizi wake ni unga na majani yake ni sombe. Shida huanza mara mboga inapokatwa. Sehemu kubwa sana ya uzito wa lengalenga ni maji, na maji hayo huanza kutoroka saa ile ile kisu kinapopita. Anayeuza lengalenga kwa kweli anauza maji yaliyosimama wima. Yakilala, mnunuzi hapiti. Basi chombo chake lazima kiwe tayari alfajiri ile ile mboga inapokatwa, kisingoje mzigo wa jirani, kisingoje mafuta, kisingoje dereva aamke. Lori la tani 10 haliwezi kusimama kwa ajili ya mafungu 40 ya mboga, na ukilitazama kwa haki, halina kosa. Likisimama kwa kila mafungu 40 halitafika popote. Kinga haina tatizo hilo. Tayari imeegemezwa ukutani, ukubwa wake ni ukubwa wa bustani moja, na ratiba yake ni ile ya jogoo.

Kwenye mihogo, mahindi na mafuta ya mawese ndipo sifa zake zinapozidi. Zamani za misafara, wapagazi waliotoka pwani kupitia Ujiji, wakavuka ziwa hadi Mtowa, kisha wakaelekea Manyema, walibeba kila mmoja mzigo wa karibu kilo 30. Huo ndio mpaka wa shingo na bega la binadamu anayetakiwa kuamka kesho arudie. Baiskeli ya chuma, Phoenix ya China au Hero ya India, ikifungwa gunia moja kila upande na jingine juu, hubeba kilo 150, na msukumaji ni yule yule mmoja. Yaani wapagazi watano wamekaa ndani ya magurudumu mawili, hawali, hawadai posho, hawatoroki usiku. Katika tambarare ngumu, ardhi ndiyo inayobeba. Mtu anaongoza tu. Kwenye kilima hesabu hubadilika, lakini si kama mpita njia anavyodhani: mzigo na baiskeli vikiwa kilo 170, mteremko unaopanda mita 1 kwa kila mita 10 unamdai msukumaji nguvu ya kama kilo 17, ukiacha msuguano. Ni mzigo wa mtoto wa shule mwenye debe la maji, ila unasukumwa kwa kifua, jua likiwa utosini.

Wapo watakaosema: ni aibu gani hii, mtu kununua chombo cha kumbeba halafu yeye ndiye akitumikie? Hoja hii ni ya watu wanaodhani baiskeli ilizaliwa na pedali. Karl Drais, Mjerumani, alipoendesha mashine yake ya magurudumu mawili mwaka 1817, haikuwa na pedali wala mnyororo. Ilisukumwa kwa miguu ardhini. Ulaya ilihitaji miongo kadhaa kuongeza vitu hivyo. Msukumaji wa Nyunzu anayeng'oa pedali ili zisimgonge muundi hajarudi nyuma; amesahihisha nyongeza zisizo na kazi kwake. Na anayeona njia hii ni ya wanyonge akumbuke Dien Bien Phu. Huko Vietnam, mwaka 1954, mchele na risasi vilipelekwa vitani dhidi ya Wafaransa kwa maelfu ya baiskeli za kusukuma, mwanzi umefungwa kwenye usukani kama fimbo ya Nyunzu, nyingine zikibeba kilo 200 na zaidi. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na ndege. Mei 7 likasalimu amri. Baadhi ya baiskeli hizo zilikuwa Peugeot, zimetoka Ufaransa kwenyewe, jambo ambalo naliacha bila maoni.

Wengine, wenye nia njema zaidi, huja na trela. Wanasema: ifungie kinga kigari cha magurudumu mawili nyuma, mzigo ukae chini, usimuangushe mtu, na mwenyewe apande apige pedali kama muungwana. Trela ni chombo kizuri, na palipo na barabara ninalisifu bila kejeli. Mzigo ulio chini hauyumbi. Mhimili wa nyuma wa baiskeli haupindi. Ukifika, unakifungua kigari na baiskeli inabaki huru kwenda kutafuta dawa au habari. Lakini trela linataka njia yenye upana wa magurudumu yake, na njia nyingi za mashambani zina upana wa mguu mmoja, kwa kuwa ni mguu mmoja uliozitengeneza. Kwenye daraja la magogo mawili, kinga hupita juu ya gogo moja, mwenyewe juu ya jingine, kama bwana na bibi harusi. Trela litabaki ng'ambo likitafakari. Na kwenye mteremko, kigari kisicho na breki humfukuza aliyekivuta. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: trela ni mkwe mwema, akaribishwe siku nyumba itakapokuwa na mlango wa kumwingiza. Miji ya Butembo na Goma, mashariki mwa Kongo, imetatua shida hiyo hiyo kwa chukudu, gari la mbao la magurudumu mawili, na Goma imelijengea sanamu ya rangi ya dhahabu. Nyunzu inangoja fundi wa sanamu.

Kuna hoja moja ambayo haichekeshi, na mwenye kusifu asiyeijibu ni tapeli. Tairi la upepo lilipewa hataza mwaka 1888, kwa John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, na baiskeli ndizo zilizoipa Ulaya njaa ya mpira kabla magari hayajawa mengi. Njaa hiyo ilishibishwa kwa sehemu na Kongo ya mfalme Leopold wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, kwa kazi ya kulazimishwa, kwa vijiji kuchomwa na mikono kukatwa. Kwa hiyo chombo ninachokisifu kiliingia historia ya nchi hii kikiwa mdai, tena mdai mkatili, kabla mwanakijiji hajawahi kukigusa. Sina namna ya kulifuta hilo, na sioni kwamba gunia la mihogo linalifuta. Ninachoona ni kwamba kati ya vitu vyote ambavyo mpira wa Kongo ulikwenda kutengeneza huko nje, kinga ni kimoja kati ya vichache vilivyorudi kumbebea mizigo mjukuu wa aliyegema. Na katika machafuko ya Waluba na Wabatwa, yaliyowahamisha watu wengi katika eneo la Nyunzu, kilichobeba godoro, sufuria na mtoto kwa wengi wasio na gari kilikuwa hicho hicho au kichwa cha mama.

Imebaki hoja inayonikera zaidi, kwa sababu ina nusu ya ukweli. Inasema kwamba kuisifu kinga ni kuwapa wakubwa usingizi mwanono: ikiwa mihogo inafika, barabara ya nini? Naam, hapo ndipo ilipo dosari kubwa ya kinga, na ni dosari ya wema. Haigomi. Haiharibiki kwa kishindo kinachosikika mji mkuu. Gari likikwama matopeni siku tatu huwa habari. Kinga ikikwama, mwenyewe hushusha magunia, huibeba begani, huirudia mizigo, na habari inaishia pale. Kutoka Nyunzu hadi Kalemie, kwa mstari wa ndege, ni kiasi cha kilomita 130, na mtu mwenye mzigo mzito akienda kilomita 4 kwa saa anajua kila moja kati ya hizo, pamoja na zile ambazo njia imeongeza kwa kuzunguka. Lakini tuwe waangalifu na mantiki. Anayemlaumu mbebaji kwa kutobomoka anataka wengine walale njaa ili hoja yake ipate nguvu. Barabara idaiwe kwa sababu ni haki, na reli idaiwe kwa sababu ilikwishalipwa kwa pamba na kwa migongo ya watu. Siku vitakapokuja, kinga haitaona wivu. Itafungiwa trela lake na kwenda sokoni mapema zaidi.

Hadi siku hiyo, ombi langu ni kwako uliye na gari. Ukiikuta kilimani usipige honi. Mwenye kinga hana breki, na mikono yake yote miwili ina kazi.