Majani ya Mgeni Rasmi

Bustani nyingi za miji yetu zimepandwa kwa ajili ya mgeni rasmi, ambaye hufika asubuhi, hukata utepe na kuondoka kabla jua halijapanda. Raia huachiwa kibao cha "Usikanyage Majani" na benchi la zege linalochemka saa saba mchana, huku kivuli cha mwarobaini kikiangukia kibao. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha utafiti wa wagonjwa waliopasuliwa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania: ambao dirisha lao lilitazama miti walitoka mapema na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache kuliko waliotazama ukuta wa matofali. Pengine wakubwa wetu waliishia hapo wakahitimisha kuwa majani hutazamwa tu. Wangemsoma pia William Whyte, aliyepiga filamu viwanja vya New York na kueleza mwaka 1980 kwamba watu huketi palipo na pa kuketi, na wakipewa kiti cha kuhamishika hukisogeza kidogo kabla ya kukaa, hata bila sababu ya maana.

Tutaambiwa kivuli huleta wazururaji. Lakini Whyte aliona kuwa wasiotakiwa hutamba pale ambapo wengine hawana sababu ya kufika, na benchi lisilokalika humshinda bibi mwenye magoti mabovu kabla ya kumshinda mzururaji. Tutaambiwa pia viti vitaibiwa. Haya, viibiwe, angalau tutajua vilikuwa vizuri, maana benchi la zege halijapata mwizi.