Shabaha ya Kulipia

Tuseme mwekezaji kashuka Rumonge, Burundi, na wazo jipya: ukumbi wa kulenga shabaha, ndani ya jengo. Kenya wenye vibali vya bunduki wana uwanja wao Kirigiti, Kiambu. Ukingo wa Ziwa Tanganyika ubaki nyuma kwa nini? Basi huyo mwaloni, kupima mwitikio.

Muuza mawese anamsikiliza, kidumu mkononi. "Mwanangu, nilipe nisikie risasi? Vita vya 1993 vilituletea bure, hadi chumbani." Mvuvi anayeanika ndagala naye anauliza: hiyo karatasi ya shabaha ukiipiga, inaliwa?

Mwekezaji hakati tamaa. Anasifia kuta nene za kuzuia mlio. Wazee wanatazamana: kumbe kuta za namna hiyo zipo, ila zilikuwa zikisubiri mteja mwenye pesa! Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini 2000; mwaka 2009 raia wakahimizwa kusalimisha silaha. Leo anakuja bwana na miwani ya giza, anataka wakodishiwe bunduki kwa saa, risiti juu.

Hajamaliza. Bunduki zikilia ndani, hewa hujaa moshi na vumbi la madini ya risasi, kwa hiyo lazima feni kubwa. Feni zataka umeme. Umeme ukikatika, jenereta. Jenereta nayo yataka petroli, ambayo Burundi huilalia foleni.

Ushauri wetu ni wa bure: bwana, achana na bunduki, fungua kituo cha mafuta chenye mafuta. Mwitikio utaupima kwa kilomita.