Sifa za Stabilaiza ya Nyuma

Stabilaiza ya nyuma ni fimbo ya chuma cha springi iliyokunjwa mfano wa herufi U, ikalazwa uvunguni mwa gari ili ipokee tope, mawe na matusi. Hufungwa kwa bushi mbili za mpira na linki mbili, na sauti yake haisikiki mpaka bushi zilike, ianze kugonga. Kwenye gari za porini ni chuma ambacho mara nyingi hufunguliwa na kutupwa pembeni mwa gereji. Kwa hiyo ndicho kinachostahili kusifiwa.

Fadhila yake ya kwanza ni uvivu. Magurudumu yote mawili yakipanda tuta pamoja, fimbo hugeuka tu ndani ya bushi, haitii mkono. Kama mzee wa mtaa, haiamki mpaka pande mbili zigombane: gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, hujisokota, na ukaidi wa msokoto huo huzuia bodi isilale kwenye kona. Wembamba wake usidharauliwe. Ugumu hufuata kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo fimbo nene mara 2 huwa ngumu mara 16.

Fadhila ya pili ni kubeba lawama, tena za haki. Korongoni, gurudumu linalotakiwa kushuka shimoni huzuiwa nayo, likabaki likining'inia. Difu isiyo na loki huliacha lizunguke bure hewani, na gari likakwama. Hata hivyo watengenezaji hawakuifukuza. Baadhi ya Nissan Patrol Y61 zilipewa swichi ya kuiachia kwa muda. Land Cruiser 200, iliyotoka mwaka 2007, iliweza kuagizwa na mfumo wa majimaji uitwao KDSS, unaolegeza stabilaiza za mbele na nyuma porini na kuzikaza barabarani. Chuma kinachogharamiwa hivyo ili kisamehewe si cha kubeza.

Fadhila ya tatu ni kuondoka bila kisasi. Ya mbele ikiondolewa peke yake, mkia wa gari huwa mwepesi kuteleza kwenye kona. Ikiondolewa ya nyuma, gari hulala zaidi na pua hukawia kukata kona, kasoro ambayo dereva huimudu kwa urahisi kuliko ile. Ila uungwana huo una mpaka: gari la springi za koili lenye hema na madumu juu ya keria, likikwepa mbuzi ghafla kwa mwendo wa barabara kuu, huihitaji.

Basi gari linalotambaa makorongoni tu laweza kuishi bila stabilaiza ya nyuma. Linalosafiri na mizigo libaki nayo. Linalofanya yote mawili lifungwe linki za kuchomoa, zitolewe kabla ya mawe na kurudishwa kabla ya lami.