Klavie ya Penseli: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu wa Jimbo la Lualaba

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia kutoka Dilala kushukuru, si kuomba, maana najua barua zote zinazopanda hadi ofisini kwako ni za kuomba.

Juzi kijana wangu wa darasa la saba amerudi nyumbani na daftari la somo la TIC, yaani la kompyuta. Ukurasa mzima amechora klavie, au kibodi kama wasemavyo wenzetu wa Dar, kwa penseli na rula, vitufe vimepangwa sawasawa: A, Z, E, R, T, Y. Mwalimu amempa 7 kwa 10. Amekatwa pointi tatu kwa kusahau kile kitufe kirefu cha chini, cha kuacha nafasi kati ya neno na neno. Nimeikubali adhabu hiyo. Kompyuta isiyo na kitufe hicho haifai, hata ikiwa ya karatasi.

Na kompyuta ya karatasi ina sifa zake, Mheshimiwa. Haiibwi. Haishikwi na virusi. SNEL, shirika letu la umeme, likikata umeme, yenyewe inaendelea na kazi, na hapa Kolwezi hilo si jambo dogo. Waya wa bwawa la Inga unasafiri kilomita zipatazo 1,700, tangu 1982, kutuletea umeme. Ukifika umechoka, unakwenda kulala migodini. Kutoka migodini hadi darasani kwetu ni mwendo mfupi tu wa pikipiki, lakini nani atamwamsha mgeni aliyetoka mbali hivyo?

Wapo wenye ulimi watakaokuletea habari za wengine. Kwamba Ghana, mwaka 2018, mwalimu alichora Microsoft Word ubaoni kwa chaki za rangi, picha ikazunguka dunia, na shule yake ikaletewa kompyuta. Kwamba Kenya iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari mwaka 2022. Kwamba hata jirani yetu wa mashariki, ambaye siku hizi jina lake halitajwi mezani kwa furaha, alifungua shule kule Nyabihu mwaka 2019 ili watoto wajifunze hiyo kazi ya kutengeneza programu. Usiwasikilize. Hao hawana kobalti.

Sisi tunayo, nchi yetu inatoa zaidi ya theluthi mbili ya ile inayochimbwa duniani. Kwa hiyo anayesema watoto wetu hawajaingia kwenye teknolojia hajawahi kufika mtoni siku ya kuosha mawe. Wanachambua, wanapanga kwa rangi na kwa uzito. Wataalamu wa New Zealand wametunga masomo kamili ya kufundisha algoriti bila kompyuta, kwa kadi na vitu vya kupanga. Sisi mawe hatukosi. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inakataza kazi hiyo ya mawe kwa watoto, lakini sheria wewe unaijua kuliko mimi.

Ila jambo moja linaninyima usingizi. Ndugu yangu ni mchimbaji, na siku moja tulimsindikiza kwenye depo fulani, mimi na kijana. Mnunuzi akachota kiganja cha mawe yaliyopondwa, akayalenga kwa metorex, ile mashine ya mkononi ya kupima kiwango cha madini, inayofanana na kikausha nywele cha saluni, akabonyeza. Namba ikatokea: 1.4. Bei zimeandikwa kwa mkono kwenye kipande cha gunia ukutani, kila asilimia na bei yake. Ndugu yangu akalalamika kwamba asubuhi ile, depo ya jirani, mawe hayo hayo yalisoma 2.6, ila pale pesa zilikuwa zimekwisha. Mnunuzi akamgeuzia skrini. «Mashine haisemi uongo, muzee.»

Wachimbaji wengi wanaamini mwenye metorex anaweza kuirekebisha isome anavyotaka. Siku ile sikuweza kuthibitisha wala kukanusha, na hapo ndipo penye uchungu. Ndani ya ile mashine mna programu. Mtu aliiandika, na mtu anaweza kuibadilisha. Tulisimama pale watu kama ishirini, wenye migongo iliyovunjika kwa kubeba magunia, na hakuna hata mmoja aliyejua kuiuliza swali. Kijana wangu aliinama, akaichungulia vizuri, akaninong'oneza: «Baba, hata hii haina kitufe cha kuacha nafasi.»

Niliporudi nyumbani niliitafuta sheria ya madini ya 2018. Mrabaha unagawanywa: asilimia 50 ya taifa, 25 ya jimbo, 15 ya komine au sekta ulipo mgodi, na 10 ya hazina ya vizazi vijavyo. Hapo mwisho nimepasoma mara mbili. Kizazi kijacho nakijua, Mheshimiwa. Kinakaa watatu kwenye dawati moja, na kimepata 7 kwa 10.

Basi, nilisema siombi, nimeshindwa. Tunaomba kompyuta kumi zilizokwisha kutumika, paneli za jua juu ya bati, na Scratch, programu ya kufundishia watoto ambayo ni ya bure na hufanya kazi bila intaneti. Na metorex moja mbovu, iwekwe mezani mbele ya watoto, ifunguliwe.

Ikiwa hilo la mwisho litawakwaza watu mnaokula nao, basi tuleteeni chaki. Imebaki vipande viwili, na wiki ijayo wanachora printa.

Wako mtiifu,
Mzazi mmoja wa komine ya Dilala, Kolwezi